Pikipiki Isiyobisha Hodi

Jumatatu, 5 Agosti

Mtoto wetu Joram hakulala. Mimi sikulala. Tonny alilala kwa niaba yetu wote.

Asubuhi Kisyeri kaja tena na jiwe lake. Hilo jiwe limetembezwa Tarime nzima kama bibi harusi. Analitemea mate, analisugua kwenye suruali, analigeuza juani, kisha anamwambia mume wangu: mura, kijana, unaona? Mura anaona. Mimi nimeangalia nikaona jiwe lenye mate.

Tangu rashi ianze, watu wakikimbilia dhahabu kule mlimani, wanaume wa hapa wamepata kichaa cha udongo. Mwalimu kaacha chaki. Kinyozi kaacha kichwa cha mtu nusu, mwenye kichwa naye akamfuata hivyo hivyo. Sasa ni zamu ya Tonny. Kisyeri ana shimo ila hana kitu cha kuvutia kamba ya ndoo. Anataka pikipiki yetu. Ataifunga pale juu, injini izungushe kamba, na Tonny ashuke chini awe mwenye hisa. Makabidhiano ni Jumapili baada ya ibada. Eti baada ya ibada! Ili Mungu naye awe ameshaarifiwa.

Nikauliza shimo lina kina gani. Akasema kina cha kawaida tu, shemeji.

Chumba cha tatu kwenye nyumba hii tunayopanga kilikuwa cha Deus. Naye alishuka kina cha kawaida. Kandambili zake bado ziko mlangoni, hakuna anayezigusa. Nikimtuma binti yetu Esta nje namwambia azungukie upande wa kisima.

Basi nikamwambia Tonny: hutashuka. Akasema yeye halipendi shimo, anapenda watoto wake wapate kula. Akasema bodaboda siku hizi ni kumfanyia kazi Mama Mokami. Hapo hakukosea. Mama Mokami ndiye mwenye nyumba wetu, na ndiye anayeuza petroli ya chupa pale getini, inayotoka Isebania kwa njia anazozijua mwenyewe. Mlima ule unakunywa petroli kama mlevi. Tonny anapanda, anashuka, na alichopata kinaishia kwenye meza ya yule mama.

Akasema: nitafutie pikipiki inayokula majani, nami nitabaki juu ya ardhi.

Kasema mwenyewe. Nimemsikia. Joram ni shahidi.

Jumanne, 6 Agosti

Inayokula majani hakuna. Inayokula umeme ipo!

Fundi Oduol wa Bomani ameandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba anatoa injini ya pikipiki na kuweka mota na betri. Hajapata mteja hata mmoja. Watu wanakwenda, wanausoma ukuta, wanacheka, wanarudi makwao. Fundi asiye na mteja ndiye wa kuongea naye.

Tonny na Kisyeri walidandia lori la mawe kwenda kuliangalia shimo lao. Hawajapita hata kona, nami nimeshashika usukani wa pikipiki. Kuendesha sijui. Niliisukuma. Joram mgongoni, Esta juu ya siti akipiga honi kwa mdomo mpaka Bomani. Watu walitupisha.

Oduol ni kijana mpole, anaongea na waya kuliko anavyoongea na watu. Nikamwambia mume wangu ndiye dereva maarufu kuliko wote kijiweni (uongo mdogo), na kwamba kila atakapopita watu watauliza nani kamfungia mashine hiyo (hii ingeweza kuwa kweli). Akafikiri akiangalia waya. Akakubali kuifunga kwa majaribio, leo leo. Injini yetu ibaki kwake mpaka tutakapoelewana, nami nimletee chakula cha mchana siku za kazi. Nikasema hilo tu? Nimepikia wanaume wagumu zaidi.

Jioni Tonny karudi amejaa vumbi jekundu, macho yanawaka. Hayo macho nayajua. Ndiyo aliyokuja nayo kwetu mwaka ule wa posa. Sikupenda kusikia kwamba leo yalikuwa yanaliangalia shimo.

Akapanda pikipiki aende kijiweni. Akaitafuta kiki kwa mguu. Mguu ukapita hewani. Akaitafuta tena. Akashuka, akainama, akachungulia chini ya tangi kama mtu anayetafuta kuku aliyeingia uvunguni. Akauliza kwa sauti ndogo sana: Mama Joram, injini iko wapi?

Nikasema imepumzika.

Akakaa chini mchangani. Nikamwacha. Kisha nikamwonyesha kitufe. Akazunguka ua mara moja bila sauti yoyote, hata kuku hawakukimbia. Alipopita mbele yangu aligeuza uso upande wa pili ili nisimwone.

Nimemwona. Alikuwa anacheka.

Nimeshinda! Na Jumapili bado iko mbali.

Jumatano, 7 Agosti

Sijashinda.

Sikuwa nimewaza kwamba kitu kinachokula umeme lazima kilishwe umeme.

Hapa tuna luku moja, mita moja ya umeme kwa vyumba vyote, na sheria ni za Mama Mokami. Taa na simu, basi. Pasi marufuku. Hita marufuku. Jiko la umeme usilitaje hata kwenye sala. Ile luku ina kataa kadogo kekundu kanakopepesa, na mtu akichomeka kitu kizito kanapepesa haraka. Mama Mokami ameweka kiti chake mbele ya luku na hukaangalia kama wenzake wanavyoangalia tamthilia.

Jana jioni nikaweka betri uvunguni, nikaichomeka, nikashusha shuka mpaka sakafuni. Joram hajamaliza hata ziwa la kwanza, nikasikia ukaguzi umeanza. Chumba kwa chumba. Ananusa! Anaamini pasi ina harufu yake. Alipofika kwangu nilikuwa nimekaa kitandani nanyonyesha, uso wa malaika. Akasema Adero, kuna kitu kinanguruma humu. Nikasema ni tumbo la Joram, shikamoo mama. Akainama kabisa kulisikiliza. Joram, mtoto wangu wa dhahabu, akajamba.

Akaondoka. Lakini hakuridhika. Akazima swichi kubwa. Nyumba nzima giza, wapangaji wakimlaani mtu mwenye pasi. Nami nikamlaani pamoja nao, tena kwa sauti.

Kwa hiyo leo Tonny alitoka na chaji ya kubahatisha. Ikamfia katikati ya mlima akiwa na abiria na mbuzi wa abiria. Tonny na abiria wakasukuma. Mbuzi alibaki juu.

Kijiweni sasa wanamwita Pasi. Wanamletea mashati. Na Mama Mokami, ambaye tangu jana hajamuuzia hata chupa moja, anatangaza pale getini kwamba mwanaume anayekalia betri anakauka. Tonny kaja kuniuliza kama kuna ukweli. Nikamwambia tuna watoto wawili, kama anataka ushahidi wa tatu aseme.

Ila ameweka gunia lililokunjwa juu ya siti.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Sikukuu ya wakulima. Oduol kaenda kwenye maonyesho, karakana imefungwa, ufunguo kaondoka nao. Nyumbani swichi kubwa iko chini ya ulinzi. Pikipiki imelala kama ng'ombe mgonjwa na Tonny amekaa karibu yake akiangalia mlimani. Mtu asiye na kazi hapa hakosi kuangalia mlimani.

Nikakumbuka kanisani kuna soketi. Kwaya inafanya mazoezi kwa ajili ya Jumapili, na mimi ni wa sauti ya pili.

Lakini kutoka na betri mbele ya Mama Mokami? Getini pale pale anapokaa na chupa zake? Hapo ndipo nilipopata wazo zuri kuliko yote mwaka huu. Nikamwachia Tonny watoto. Nikaifunga betri kwenye kitenge, nikaivika kofia ya Joram, nikaibeba mgongoni.

Nzito jamani! Nilitembea kama bibi anayeokota kuni. Mama Mokami akasema mtoto kanenepa. Nikasema tunashukuru Mungu. Akasema mbona kichwa kina pembe. Nikasema amechukua ukoo wa baba yake. Nikapita.

Kanisani mambo yakawa mazuri. Nilikaa nyuma kabisa, nyuma ya pazia ambako waya wa kinanda unaingilia. Nikaimba, betri ikala. Niliimba nyimbo zote, na nilipoona wanataka kufunga nikaomba turudie ile ndefu. Mwalimu wa kwaya akanisifu kwa moyo wangu.

Nilipokuwa naondoka, mzigo mgongoni, mlangoni nikakutana na Mama Mokami. Nilisahau kwamba yeye ni mwenyekiti wa akina mama. Akaweka mkono mgongoni kwangu, kwa upendo kabisa. Akauondoa upesi. Akapiga kelele: huyu mtoto ana homa! Anaungua!

Betri ikitoka kwenye chaji huwa ya moto. Ningejuaje?

Wakanizunguka. Mmoja anasema malaria, mwingine anasema ni meno. Nyangwine wa sauti ya kwanza akaanza kuomba, mikono juu. Nikasema ni kawaida yake, atapoa. Wakasema mama gani wewe! Wakataka kumfungua apate hewa. Nikazunguka, nao wakazunguka. Tulizunguka kama ngoma.

Na mlangoni akatokea Tonny. Mkononi Joram, analia njaa, mdomo wazi kama kifaranga.

Wote wakamtazama Joram. Wakautazama mgongo wangu.

Nikasema huyu ni wa dada yangu.

Hapo hapo mtoto wa dada yangu akadondosha waya wenye plagi.

Walicheka! Nyangwine alikaa chini kwenye ngazi na maombi yake hayakumaliziwa. Mimi nimechoka, nina ziwa linalovuja, mgongo unaungua, na hasira zikanijaa. Nikawaambia wacheke vizuri. Nikawaambia ningebeba hata luku yenyewe mgongoni, mradi Jumapili mume wangu asishuke kwenye lile shimo. Kicheko kikakatika. Wengi wao wana mtu kule juu. Mama Mokami ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza, akafunga kanga yake vizuri, akaenda zake.

Nimemuaibisha. Sasa atatufukuza.

Ijumaa, 9 Agosti

Jambo la ajabu. Kiti cha Mama Mokami kiko pale pale karibu na luku, lakini kimegeuzwa. Kinaangalia barabara. Kataa kekundu kanapepesa usiku kucha kwa sababu yangu, na yeye amekapa mgongo. Leo hajanusa chumba cha mtu.

Hii ni hila. Bado sijaijua ni ya namna gani, lakini nitaijua.

Wakati huo huo, siku nzuri! Tonny kapanda na kushuka mlima mpaka abiria wakawa wanampigia simu. Wanasema kwenye pikipiki ile mtu anaweza kuongea na mkewe kwenye simu bila kupiga kelele, na nguo hazinuki moshi. Jioni kaja na samaki, sukari, na peremende ya Esta. Mashati kijiweni yamekwisha. Wawili wameuliza njia ya kwa Oduol.

Nikamuuliza, sasa Kisyeri? Akaangalia samaki. Akasema alishampa Kisyeri neno lake, na mwanaume hawezi kula neno lake. Samaki anaweza kula, neno hawezi!

Nikaona anahitaji neno kubwa kuliko lake. Nalo liko Sirari, kwa mama yangu. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani. Tonny akienda kule, mama anamsikia tangu pikipiki inapokata kona ya kwa mzee Ojwang. Anaingia ndani, anafunga kilemba, anakaa nyuma ya pazia, wanasalimiana hivyo, yeye huku, huyu kule. Na anachosema mama nyuma ya lile pazia, Tonny hajawahi kukipinga. Akiambiwa asishuke shimoni, hatashuka hata akiangusha kitu.

Nikampigia mama, nikampanga maneno. Akasema sawa nyathina, mwanangu, wacha tu aje. Nikasema sijui atakuja saa ngapi. Akasema si nitamsikia pale kona kama siku zote?

Kesho Tonny atampelekea sukari. Kila kitu kimepangwa. Nalala.

Jumamosi, 10 Agosti

Ee Mungu wangu.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mama. Alikuwa anahema. Akasema Adero, aki huyo bwana yako amekuwa paka? Hakuna sauti, hakuna nini! Kwani mlimfanya nini?

Nimeunganisha habari kipande kwa kipande. Mama alikuwa uani anatwanga. Jua kali. Alikuwa na gauni la ndani tu na kichwa wazi. Redio iko juu. Na mama akitwanga hutunga nyimbo, na leo alikuwa anacheza pia, na wimbo ulikuwa juu ya mkwe wake. Kwamba ana miguu ya kuku. Kwamba alimchukua binti wa watu kwa ng'ombe wanaokohoa.

Akageuka kwenye kiitikio. Na pale alipogeukia alisimama Tonny, kashika mfuko wa sukari.

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mama akatupa mchi. Akapiga yowe. Na Sirari ukipiga yowe watu hawaji kuuliza, wanakuja na fimbo. Waliona kijana anayekimbia na pikipiki isiyo na sauti. Hapa pikipiki isiyo na sauti mchana ina maana moja tu: mtu amekuja kupeleleza ng'ombe. Wakamfukuza! Tonny kaacha pikipiki, kaacha sukari, kapita njia za panya, kavuka mpaka.

Simu ya pili ilitoka namba ya Kenya. Tonny yuko Isebania, amekaa nyuma ya duka la binamu yake, kiatu kimoja. Anasema ng'ombe wake hawajawahi kukohoa. Anasema pia kwamba wazee wameshakaa, ametozwa mbuzi, na pikipiki ile isikanyage tena boma la mkwe bila kujulisha kwamba inakuja.

Nikasema pole baba Joram, rudi nyumbani.

Akasema anarudi, ila kesho Kisyeri akija atakwenda naye. Akasema hawezi kuishi juu ya ardhi hii ambayo mama yangu anatembea. Akasema: shimoni hakuna mkwe.

Nimekaa hapa na simu mkononi. Nilitaka kumtoa shimoni, na nimemsukumia mimi mwenyewe. Joram ameshika kidole changu. Esta anauliza baba analeta nini. Nimemwambia analeta miguu yake, inatosha.

Jumapili, 11 Agosti

Sikwenda kanisani. Sauti ya pili wameimba bila mimi.

Tonny alifika asubuhi juu ya lori la mahindi, na pikipiki ikiwa imelazwa pembeni yake. Mjomba wangu wa Sirari aliipakia. Uso wa Tonny ulikuwa umefunga kama duka. Akavaa suruali ya kazi. Nikaificha suruali ya kazi ya pili ili asiwe na ya kubadilisha. Ndilo wazo pekee nililokuwa nalo.

Nikampa Joram ambebe. Nikasema sina maneno mengine, Tonny, yamekwisha yote wiki hii. Kama unashuka, mwambie mwenyewe huyu kina cha kawaida ni kipi. Akamtazama mtoto. Joram akamshika pua.

Hapo Kisyeri, ambaye tangu Jumanne alikuwa hajatoka shimoni, akaingia na mwenzake na kamba begani, wanacheka, shemeji shikamoo (mimi! shikamoo! wakitaka kitu huwa wana adabu). Wakaenda moja kwa moja kwenye pikipiki. Kisyeri akapiga magoti afunge kamba kwenye injini.

Akatafuta injini.

Akazunguka upande wa pili. Akatafuta huko. Akachungulia chini ya tangi kama alivyochungulia Tonny Jumanne. Akauliza: mura, hii ni nini?

Tonny akasema ni pikipiki ya umeme. Kisyeri akasema kule juu umeme uko wapi, kwenye mawe? Akasema yeye alikubaliana na injini ya kuvuta ndoo, hakukubaliana na kitanda chenye matairi. Mwenzake akasema watu watalala shimoni wakisubiri chaji. Kisyeri akasema makubaliano hayapo, hisa haipo, na kwamba Tonny ndiye aliyekula neno. Akaondoka na kamba yake. Jiwe lake kalisahau juu ya kinu changu.

Tonny akanitazama taratibu. Akauliza kama nilijua. Kwamba bila injini hawatamchukua. Kwamba nilipanga hivi tangu Jumanne.

Nikasema ndiyo bila shaka. Tangu mwanzo. Ulifikiri nini?

Sikuwa nimewaza hata kidogo! Niliingia ndani nikalia kwenye nepi za Joram, safi moja na chafu moja. Nilipotoka nilikuta Tonny amechuchumaa mlangoni pa Deus. Alikuwa anaosha zile kandambili kwa maji ya ndoo, moja moja, mpaka kwenye mikanda. Akampelekea Mama Mokami, akamwomba azifikishe kwa mama yake Deus kule Morotonga. Mama Mokami akazipokea kwa mikono miwili.

Kisha Tonny akavua suruali ya kazi, akauliza ile nyingine iko wapi. Nikasema sijui.

Jumatano, 14 Agosti

Amani. Jana Tonny alimpeleka mbuzi Sirari. Alishuka kwenye pikipiki pale kona ya kwa mzee Ojwang, akaisukuma, huku akikohoa njia nzima na mbuzi akimsaidia kwa sauti yake. Mama akawahi ndani. Wakasalimiana, pazia katikati. Mama akamwambia asishuke shimoni maisha yake yote. Tonny akasema ndiyo mama. Kisha mama akasema ule wimbo una beti nyingine za kumsifu, ila hakuwa amezifikia. Tonny anasema pazia lilikuwa linatikisika. Naye alibana pua asicheke.

Kwa hiyo mambo yote yamekwisha, limebaki moja tu. Amri ya wazee. Pikipiki lazima ijulishe kwamba inakuja. Mume wangu hawezi kukohoa mpaka Sirari kila mwezi. Honi haifai, kila mtu ana honi. Mama ameizoea sauti ya injini.

Na injini tunayo! Iko kwa Oduol, inakula vumbi. Nimewaza tangu asubuhi. Nitaichukua (Oduol hatakataa, siku hizi ana wateja), tuifunge nyuma kwenye keria, ingurume tu, isiendeshe kitu. Mota itembee, injini ipige kelele. Mama atasikia, wazee wataridhika, wenye fimbo watalala. Itahitaji petroli kidogo tu. Chupa moja kwa safari, pengine mbili, kwa sababu mlima upo.

Nimeshaongea na Mama Mokami. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiti chake nikae. Sasa nimeiona hila yake: alikuwa anasubiri nirudi kununua. Lakini safari hii nimemwahi, kwa sababu nimekuja kwa hiari yangu.

Tonny sijamwambia, nataka ashangae.

Jioni Kisyeri alifuata jiwe lake. Akauliza kwa adabu, shemeji, hivi ile injini yenu iko wapi siku hizi? Nikamwambia inarudi nyumbani kesho. Akanishukuru sana. Kaondoka akipiga mluzi.

Sijui kafurahia nini.